Kwa Basi Dogo Katika Milima ya Rwanda: Mwongozo kwa Abiria Anayevukia Rusumo

Kila siku wananchi wa Tanzania huvuka mpaka wa Rusumo, juu ya Mto Kagera, kuingia Rwanda kwa ajili ya biashara, masomo, matibabu na kuwatembelea jamaa. Wapo wanaosafiri kwa basi linalokwenda moja kwa moja hadi Kigali. Wapo pia wanaoishia mpakani kwa gari la Tanzania, kisha wakaendelea kwa mabasi madogo ya Rwanda, ya aina tunayoiita Kosta au Haisi, hadi Kigali na kutoka huko kwenda Musanze, Rubavu na miji mingine ya milimani.

Rwanda huitwa nchi ya vilima elfu, na jina hilo si pambo. Aliyewahi kupita Mlima Kitonga au kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto anaifahamu barabara ya namna hiyo: ukuta wa mlima upande mmoja, bonde upande wa pili, na kona moja ikifuatwa na nyingine. Tofauti ni kwamba Kitonga humalizika baada ya muda mfupi, ilhali njia ya Kigali hadi Rubavu ni ya milima karibu mwanzo hadi mwisho.

Makala haya yanaeleza jinsi milima inavyobadilisha huduma anayoinunua abiria, na namna ya kujilinda. Jambo kuu ni moja: katika milima, mwendo wa polepole ni sehemu ya huduma uliyoilipia. Abiria aliyepanga safari yake vizuri hana sababu ya kumhimiza dereva, na anayo haki ya kumtaka apunguze mwendo.

Kilomita si saa

Kosa la kwanza la msafiri hufanyika nyumbani, anapokadiria muda kwa kuangalia umbali. Kutoka Kigali hadi Rubavu, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Kivu na ambao wengi bado huuita Gisenyi, ni takriban kilomita 150. Kwa mtu aliyezoea barabara kuu za Tanzania, ambako basi huruhusiwa kwenda hadi kilomita 80 kwa saa, hiyo ni safari isiyofika saa mbili.

Nchini Rwanda hesabu hiyo haifai. Tangu mwaka 2015 sheria ya huko inataka magari ya abiria yafungwe vidhibiti mwendo visivyoruhusu kuzidi kilomita 60 kwa saa. Hata kama gari lingekwenda kwa kiwango hicho bila kusimama, kilomita 150 zingechukua saa mbili na nusu. Ukiongeza kona, miinuko, malori yaliyo mbele na vituo vya njiani, safari huwa ya saa tatu na zaidi. Kutoka Rusumo hadi Kigali, umbali wa takriban kilomita 160, hesabu haitofautiani sana.

Chukulia msafiri anayetaka kutoka Rusumo na kufika Rubavu siku hiyohiyo. Akimaliza taratibu za mpakani saa tatu asubuhi kwa saa za Rwanda na kupata gari mara moja, atafika Kigali kati ya saa sita na saa saba mchana. Akipata gari la pili ndani ya saa moja, atafika Rubavu yapata saa kumi na moja jioni. Nchini Rwanda jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Kwa hiyo mpango huo umemwachia akiba ya saa moja tu, kabla ya pancha, mvua, au foleni yoyote.

Kutokana na hesabu hiyo tunatoa kanuni rahisi: anayevuka Rusumo baada ya saa nne asubuhi kwa saa za Rwanda, na safari yake inapita Kigali kwenda milima ya kaskazini au magharibi, apange kulala Kigali. Gharama ya chumba cha usiku mmoja ni ndogo kuliko hasara ya kupita milimani gizani, katika ukungu, pamoja na dereva aliyechoka.

Yanayobadilika ukivuka daraja

Tangu mwaka 2016, Rusumo ni kituo cha huduma kwa pamoja: maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja, na msafiri hukaguliwa upande mmoja tu. Utaratibu huo umepunguza muda wa kusubiri, lakini haukuondoa wajibu wa msafiri wa kuwa na nyaraka zake. Beba pasipoti au hati ya kusafiria inayotambuliwa, na uhakikishe mapema kwa Idara ya Uhamiaji kama inakidhi masharti. Uliza pia iwapo unahitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Baada ya nyaraka, mambo matatu hubadilika, na kila moja limewahi kumgharimu msafiri asiyejiandaa.

La kwanza ni saa. Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Tiketi iliyoandikwa 07:30 nchini Rwanda ni saa moja na nusu asubuhi kwa saa za huko, wakati saa ya Tanzania ikionyesha saa mbili na nusu. Ukienda, unapata saa moja ya ziada, ukirudi, unaipoteza. Abiria wengi hukosa gari wakati wa kurudi, kwa kuwa wanafika mpakani wakidhani wamewahi, kumbe upande wa Tanzania gari limekwisha kuondoka. Unaponunua tiketi yoyote ya safari inayovuka mpaka, uliza: saa hii ni ya nchi gani?

Aliyezoea Ngara anapaswa kukumbuka pia kwamba kule jua huzama karibu na saa moja jioni, na hivyo saa kumi na mbili bado ni mchana. Kwa saa za Rwanda, saa kumi na mbili giza linaingia.

La pili ni upande wa barabara. Tanzania hupita kushoto. Rwanda hupita kulia. Unaposhuka na kutaka kuvuka barabara, gari la kwanza kukufikia litatoka kushoto kwako, si kulia kama ulivyozoea. Watoto waelezwe jambo hili kabla ya safari na washikwe mkono.

Mlango wa gari nao una hatari yake. Basi la Rwanda lina mlango upande wa kulia, hivyo abiria hushukia pembeni mwa barabara. Basi la Tanzania lina mlango upande wa kushoto, na likiwa Rwanda mlango huo hufunguka kuelekea katikati ya barabara. Ikiwa umepanda basi la Tanzania linalokwenda moja kwa moja hadi Kigali, usikubali kushushwa barabarani. Shukia kituoni, mahali magari mengine hayapiti ubavuni mwa mlango.

La tatu ni fedha. Nauli za ndani ya Rwanda hulipwa kwa faranga ya Rwanda. Badilisha fedha benki au katika duka la fedha lenye leseni, upewe risiti, na ujue kiwango cha siku hiyo kabla hujafika mpakani. Abiria anayebadilisha fedha kwa haraka, gari likipiga honi, hana nafasi ya kuhesabu.

Tiketi, kiti na muda wa kuondoka

Mabasi madogo ya Kigali huondokea zaidi kituo kikuu cha Nyabugogo. Kampuni zina madirisha ya kukatia tiketi, na kwa njia kubwa kama za Musanze na Rubavu magari huondoka kwa ratiba. Huu ni utaratibu tofauti na ule wa gari kusubiri lijae, ambao wasafiri wengi wa Afrika Mashariki wameuzoea. Faida yake kwa abiria ni kubwa: muda unajulikana, na kiti ni chako. Lakini una sharti lake: ukichelewa, gari halikusubiri.

Nunua tiketi dirishani, si kwa mtu anayekufuata kituoni. Kabla ya kutoka dirishani, soma tiketi yako. Iwe na jina la kampuni, tarehe, saa ya kuondoka, mahali unapokwenda na kiasi ulicholipa. Nauli za njia za ndani nchini Rwanda hupangwa na kutangazwa na mamlaka ya udhibiti ya nchi hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama RURA. Una haki ya kuuliza nauli iliyotangazwa kwa njia yako.

Kwa basi linalovuka mpaka, uliza swali moja la ziada: je, gari lina Kadi ya Njano ya COMESA? Kadi hiyo huthibitisha kwamba bima ya gari kwa madhara yanayowapata watu wengine inatambuliwa katika nchi nyingine zilizo katika mpango huo. Tanzania imo katika mpango huo, ingawa ilikwisha kujitoa katika uanachama wa COMESA. Swali hili ni la kawaida, na mwenye kampuni makini hulijibu bila kusita.

Fahamu pia kwamba Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi wa Rwanda. Asubuhi hiyo, hadi yapata saa tano, shughuli nyingi husimama na usafiri huwa haba. Msafiri mwenye miadi ya hospitali au anayempeleka mwanafunzi shuleni asiipange safari yake asubuhi hiyo.

Kwa nini mteremko ni hatari kuliko mwinuko

Abiria wengi huogopa gari linapopanda, injini ikilia na upande wa bonde ukionekana dirishani. Hata hivyo, hatari kubwa zaidi iko kwenye kushuka.

Gari linaposhuka mlima, uzito wake hulisukuma liongeze kasi. Breki huizuia kasi hiyo kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Njia ya Rubavu inafika zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari katika wilaya ya Nyabihu, kisha inashuka hadi Ziwa Kivu, ambalo liko takriban mita 1,460. Huo ni mteremko wa zaidi ya mita 500. Basi dogo lenye uzito wa tani 3 likishuka mita 500, na kazi yote ikiachiwa breki, joto litakalozalishwa linatosha kuchemsha maji baridi ya ndoo mbili za lita 20. Joto hilo lote huangukia vipande vichache vya chuma vilivyo ndani ya magurudumu.

Breki zikipata joto kupita kiasi hupungua nguvu. Dereva hukanyaga, na gari halipungui mwendo kama mwanzo. Katika breki zinazotumia mafuta, mafuta yenyewe yanaweza kuchemka, na kanyagio likazama bila kushika.

Kinga yake inajulikana kwa kila dereva aliyefunzwa: kushuka kwa gia nzito, ili injini yenyewe ilizuie gari na breki zipumzike. Kanuni ya kale ya barabara za milimani ni kwamba mlima hushukwa kwa gia ileile ambayo ungeutumia kuupanda.

Abiria si dereva, lakini ana masikio, pua na macho. Gari linaposhuka kwa gia nzito, utasikia injini ikinguruma ingawa mwendo ni mdogo. Hiyo ni sauti njema. Gari likishuka kimya, likiongeza kasi kwenye mnyoofu na kufungwa breki kwa nguvu kila kona, dereva anatumia breki peke yake. Ukisikia harufu kali ya kitu kinachoungua kutoka magurudumuni, ukaona moshi, au ukaona dereva akikanyaga breki mara mbili mbili, sema mara moja, na uombe gari lisimame mahali salama ili breki zipoe. Breki zilizopata joto zisimwagiwe maji. Ziachwe zipoe zenyewe.

Uzito huongeza tatizo. Kila abiria wa ziada na kila gunia lililofungwa kwenye keria huongeza joto hilohilo. Mzigo wa juu pia huliyumbisha gari kwenye kona. Kwa hiyo kukataa kupanda gari lililojaa kupita viti vyake si kujidai, ni kujilinda.

Namna ya kusema nayo ina umuhimu. Dereva anayekemewa mbele ya abiria huweza kukaidi. Ongea kwa heshima, na ikiwezekana kupitia kondakta. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na wafanyakazi wengi wa vyombo vya usafiri hukielewa. Pale kisipoeleweka, neno la Kinyarwanda buhoro, lenye maana ya polepole, linatosha. Abiria mmoja akisema, mara nyingi wengine waliokuwa wakinyamaza humuunga mkono.

Mvua na udongo unaotembea

Nchini Rwanda mvua nyingi hunyesha kati ya Machi na Mei, na tena kati ya Septemba na Desemba. Kwenye miteremko mikali, udongo ulioshiba maji huweza kuporomoka na kufunga barabara, au kuondoka nayo. Mapema Mei 2023, mvua za usiku mmoja ziliua zaidi ya watu 120 katika maeneo ya magharibi na kaskazini mwa nchi hiyo, na barabara kadhaa zikafungwa.

Katika misimu hiyo, uliza hali ya njia kituoni kabla ya kukata tiketi, na uondoke asubuhi. Beba chakula kidogo, maji, na fedha za kukutosha kwa usiku mmoja usiopangwa. Gari likikuta udongo, mawe au maji yanayokatiza barabara, abiria wasimshinikize dereva apite. Udongo ulioanguka mara moja unaweza kuanguka tena. Shukeni, ondokeni chini ya ukingo uliokatika, na msubiri agizo la polisi. Kurudi ulikotoka ni hasara ya nauli. Kulazimisha kupita kunaweza kuwa hasara ya maisha.

Mizigo, baridi na kichefuchefu

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu mwaka 2008, na inaweza kuchukuliwa mpakani. Funga vitu vyako kwenye mifuko ya kitambaa au karatasi kabla ya kufika Rusumo. Andika jina na namba ya simu juu ya kila mzigo. Dawa, nyaraka na fedha zisiwekwe kwenye buti, zikae nawe.

Musanze iko chini ya milima ya volkano ya Virunga, na hali ya hewa huko ni ya baridi, hasa usiku na alfajiri. Anayetoka Kahama au Mwanza na nguo nyepesi atajuta. Koti moja na shali vinatosha.

Kona nyingi huwaletea watu kichefuchefu. Kaa viti vya mbele, tazama mbali mbele ya gari, na usisome wala kuangalia simu. Kula chakula chepesi kabla ya safari. Dawa za kuzuia kutapika zinywewe kabla ya kuondoka, kwa ushauri wa mfamasia, hasa kwa watoto na wajawazito. Funga mkanda kila kiti chenye mkanda.

Mambo yakienda kombo

Gari likiharibika, likakataa kuendelea, au ukatozwa zaidi ya nauli iliyotangazwa, kwanza tunza ushahidi. Piga picha ya tiketi na namba ya gari. Andika mahali, saa, na majina ya abiria wawili walio tayari kuthibitisha. Kisha lalamika kwenye ofisi ya kampuni kabla hujatoka kituoni, kwa kuwa madai mengi madogo humalizika hapo. Usiitoe tiketi halisi bila kubaki na nakala.

Usipotendewa haki, tazama jambo lilitokea upande upi. Lililotokea katika safari ya ndani ya Rwanda hupelekwa RURA. Lililotokea Tanzania, au linalohusu basi lenye leseni ya Tanzania, hupelekwa LATRA, ambayo ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Pakiwa na hatari kwa maisha, usianze na malalamiko: piga 112, namba ya dharura inayotumika Tanzania na Rwanda.

Kwa muhtasari

Kabla ya safari: nyaraka, koti, mifuko isiyo ya plastiki, na mpango unaoacha saa za akiba.

Mpakani: rudisha saa yako nyuma saa moja, tazama kushoto kwanza, badilisha fedha panapostahili.

Kituoni: tiketi ya dirishani, yenye saa na kiasi, gari lisilozidisha abiria wala mzigo.

Njiani: mchana, si usiku, gia nzito kwenye mteremko, kusema mapema na kwa heshima.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Katika milima ya Rwanda, hilo si neno la busara tu. Ni sharti la usafiri. Abiria aliyeacha nafasi katika siku yake humwezesha dereva kufanya kazi yake ipasavyo, na wote waliomo ndani ya gari hufaidika naye.